Sanduku la Vitenge na Kompyuta ya Mjomba

Nyumbani kwetu Isevya, Tabora, nguo haifi. Kanga ikichoka kuvaliwa inakuwa mbeleko, mbeleko ikichoka inakuwa ya kuipulia sufuria, na kabla haijafika huko Mama anakuwa amekwisha kukata kipande cha mfano na kukitia kwenye sanduku lake la bati. Mama ni fundi cherehani tangu usichana wake. Sandukuni mna vitenge, mna kanga, mna kaniki iliyopauka, mna na kipande cha merikani alichoachiwa na bibi yake. Basi sendoff ya mjukuu wake mkubwa ilipokaribia, mdogo wake bibi harusi, mtoto wa kiume wa dada yangu, akasema kadi atazitengeneza mwenyewe, na kila kadi itabeba maua kutoka sandukuni kwa Bibi.

Wazo hilo nililipenda siku ile na nalipenda hadi leo. Mji huu umelelewa na nguo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya njia nzima: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane, hongo ya mtemi inahesabiwa kwa doti na posho ya wapagazi inanunuliwa kwa shuka. Merikani ilisafiri kutoka Massachusetts kwa meli za Salem mpaka Unguja, ikavushwa Bagamoyo, ikapanda bara mabegani mwa Wanyamwezi. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ikaadimika, na vitambaa vya India na Uingereza vikajaza pengo. Kwihara, kilomita chache tu kutoka kwetu, bado lipo tembe alimokaa msafiri Stanley mwaka 1871 na marobota yake. Watu wa hapa wamezoea kukikunjua kitambaa juani na kukisoma kabla ya kukipokea.

Kompyuta ilikuwa ya kaka yangu, mwalimu wa sekondari: laptop ya zamani, RAM gigabaiti 4, anayoitumia kutunga mitihani. Kijana akaweka humo GIMP, programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka 1996, na haiuzwi. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa ruwaza. Unaipa programu kipande kimoja cha picha, nayo inakipanga kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, mpaka eneo lote ulilolichagua limejaa. Kwa mtu anayetaka kutandaza maua ya kitenge nyuma ya majina ya maharusi, hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Akaanika vipande vyote kwenye kamba chini ya mwembe, akavipiga picha kwa simu. Zilikuwa 200 na ushei. Kuzigeuza moja moja kungemmaliza, kwa hiyo akatafuta skripti ya kugeuza folda nzima kwa mkupuo, kila picha iwe faili ya ruwaza yenye mkia wa .pat. Akaiwasha usiku, akalala.

Asubuhi kaka akaifungua mashine ili amalizie mtihani wa muhula. Diski imejaa. Faili ya .pat ya GIMP haibanwi kama JPEG. Mwanzoni kuna baiti 24 za maelezo na jina la ruwaza, kisha rangi zinaandikwa pikseli kwa pikseli, zote, bila kufupishwa. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kila pikseli ya rangi inachukua baiti 3. Faili iliyokuwa na megabaiti chache sasa ina 36. Zidisha mara 200, unapita gigabaiti 7. Tena GIMP husoma ruwaza zote inapofunguka, kabla haijakupa dirisha la kazi, na ilipofunguliwa, mashine ya gigabaiti 4 ikaganda palepale, mtihani wa kaka ukiwa umefunguliwa haujahifadhiwa.

"Mjomba," kaka alimwambia, maana hawa huitana mjomba pande zote mbili, "umenipakilia gunia la tumbaku kwenye baiskeli ya mtoto."

Kijana aliomba radhi, akafuta faili zote za .pat, akaamua kwanza azipunguze picha. Hapo ndipo msiba wenyewe ulipoingia. Alichukua ImageMagick, ambayo hufanya kazi kwa amri za maandishi, na ndani yake amri iitwayo mogrify. Amri hiyo ni ya haraka mno, lakini mtu asipoielekeza folda nyingine au aina nyingine ya faili, inaandika juu ya picha ileile uliyoipa. Haiulizi. Akaiamuru ifanye kila picha kuwa mraba wa pikseli 256 kwa 256, kwa nguvu, bila kujali umbo lake la asili. Na aliiamuru akiwa amesimama kwenye folda ya picha zote za nyumba, si ile ya vitenge peke yake.

Nilikuwa jikoni niliposikia akiniita, "Mamdogo, njoo," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kipaimara cha dada yake, mahafali ya kaka, picha ya harusi ya Mama na marehemu Baba, zote zimekuwa vimraba vidogo, watu wamekonda kama waliobanwa mlangoni. Picha ya harusi haikunitisha, kwa sababu karatasi yake ipo sandukuni na steshenari inaweza kuiskani tena. Nyingine nyingi zilipatikana kwenye simu za ndugu. Moja haikupatikana: Baba amekaa chini ya mwembe, mwaka wake wa mwisho, iliyopigwa kwa simu iliyoibwa zamani. Mama alivaa miwani akaitazama kwa muda mrefu. Kijana alilia waziwazi mbele yetu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kilichoweza kuokolewa kiliokolewa. Picha ile hapo awali ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, hivyo upana wake ukivutwa kutoka pikseli 256 hadi 341, uso wa Baba unarudi kwenye umbo lake. Ukali haurudi. Kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, inatoka picha ya upana usiofika sentimita 3. Mama aliitaka ichapwe hivyo hivyo, na sasa anatembea nayo kwenye pochi. Namwomba kila msomaji mwenye picha za wazee kwenye kompyuta: nakili folda mahali pengine kwanza, halafu ndiyo uiite amri yoyote ile.

Kulikuwa na pigo la tatu, ila dogo. Ruwaza chache alizozigeuza upya alizipeleka steshenari kwa flashi, na mashine ya pale ikazikataa. Pale wanatumia Photoshop, ambayo nayo huhifadhi ruwaza kwa mkia wa .pat, lakini ndani ni muundo mwingine kabisa: faili yake moja hubeba ruwaza nyingi, ya GIMP hubeba moja. Na kumbe kwa upande wa GIMP kazi yote ya kugeuza haikuhitajika, kwa kuwa picha ya PNG au JPEG ikiwekwa kwenye folda yake ya ruwaza inasomwa kama ilivyo. Na PNG hiyohiyo inafunguka Photoshop, ikageuzwa kuwa ruwaza hukohuko.

Hata hivyo zile chache zilizokwisha kutandazwa hazikupendeza. Kila maua yalipokutana na maua palionekana mstari, na ukurasa mzima ulikuwa kama umetiwa viraka. Mama akavuta kigoda.

"Mume wangu," alimwambia mjukuu wake, "umekata ua katikati ya jicho."

Akatandika kitenge kwenye mkeka barazani, kivulini, akisema kule kambani majani ya mwembe yalitia madoa ya jua, na kweli, upande ukiwa mng'avu kuliko mwingine hakuna ruwaza itakayoungana vizuri. Kisha akachukua chaki ya ushonaji. Akaweka alama kwenye ncha ya jani moja, akapima kwa mkono, shubiri tatu kasoro, akaweka alama kwenye ncha ya jani lingine lililo sawasawa na la kwanza. Mimi nilistaajabu. Vitenge vingi huchapwa kwa silinda zinazozunguka, na mzingo uliozoeleka viwandani ni sentimita 64. Silinda ikimaliza mzunguko, maua yanaanza upya. Mama hajawahi kuiona mashine hiyo. Ameijua kwa kukata magauni ambayo maua ya kifuani lazima yakutane na ya mgongoni.

Kijana alikata picha kwenye alama za chaki. Akatumia njia ya kuisogeza picha nusu upana na nusu urefu, ili kingo zije katikati na kila kasoro ya maungio ionekane, akazisafisha. Mraba wa pikseli 600 una kilobaiti elfu moja na kidogo hata bila kubanwa. Kompyuta ya kaka ilifunguka bila taabu.

Kanga ilikuwa na mashauri yake. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, mara nyingi haujirudii, na pindo linakwenda upande mmoja tu, kisha linageuka kwenye pembe. Kadi ya kwanza pindo lilikatika pembeni kama uzio uliokosa nguzo, Mama akairudisha. Kijana akatengeneza vipande viwili, cha kwenda na cha pembe, akakizungusha cha pembe mara nne. Hizo ndizo kadi zilizochapwa, na za jamaa wa Urambo na Kaliua zilipanda treni ya Kigoma.

Sendoff imepita lakini kazi haijaisha. Jioni wawili hao hukaa barazani na sanduku. Mama anataja jina la kitambaa, alikipata wapi, nani alikivaa, na kijana anaandika hayo kwenye jina la faili. Juzi walifika kwenye kaniki. Kijana alitaka kuiruka, kwa kuwa ni rangi moja tu. Mama akaisogeza karibu na dirisha, akamwonyesha kwa kucha mtande na mshindio, na mahali uzi mmoja ulipokuwa mnene kuliko wenzake, akamwambia apige picha kwa karibu zaidi.