Ada ya Sabuni

Mwaka 2020 watu wa klabu kubwa walilia mpaka dunia nzima ikasikia. Kule Nairobi, mashindano ya gofu ya Kenya Open yalikuwa yaanze tarehe 12 Machi pale Karen Country Club. Yakaahirishwa siku chache kabla kwa sababu ya corona, na gofu ile haikuchezwa hadi Machi 2021. Viwanja vikafungwa, nyasi zikapumzika, na vijana wanaobeba mifuko ya fimbo wakarudi nyumbani mikono mitupu, maana wao hulipwa kwa raundi, na raundi hazikuwapo. Nawapa pole wote, hasa hao wabeba mifuko. Lakini miaka yote hii nimengoja mtu mmoja tu aniulize, “Na ninyi wa Kisangani, klabu yenu iliendaje?” Hakuna aliyeuliza. Basi nitajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mke wangu anasema ndivyo ninavyofanya kila ninaporudi usiku.

Kabla ya corona, klabu yetu ilikuwa viti vya plastiki chini ya mwembe, mbele ya nganda, yaani baa, ya mama mmoja huko mtaani Mangobo. Haikuwa na ukuta wala lango. Komite ilikuwapo, maana Mkongomani hawezi kunywa bia bila komite: Prezida, Makamu, Sekretere, Mweka Hazina, na Washauri, ambao ni sisi wengine wote. Mchezo wetu ulikuwa dama kwa vizibo vya chupa, vya Primus upande huu, vya soda upande ule. Kijana wa toleka, ile teksi ya baiskeli, aliyechoka kukanyaga aliegemeza baiskeli yake mtini, akakaa, akanunua, akabishana juu ya mpira, akaenda zake. Mstaafu wa reli ya Ubundu alitusimulia kila jioni jinsi treni ilivyokuwa ikizikata zile kilomita 125 za kwenda Ubundu bila kusimama njiani. Hatukumwamini, lakini tulimsikiliza. Masharti ya kuingia yalikuwa mawili: uwe na kitu cha kukalia kiti, na usikalie kiti cha Prezida.

Si kwamba mji huu ulikuwa haujui klabu za kweli. Enzi ulipoitwa Stanleyville, Wazungu walikuwa na cercle zao, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni akiwa na sinia mkononi. Waafrika waliosoma, wale walioitwa évolués, wakaunda vyama vyao, na Patrice Lumumba, karani wa posta hapahapa katika miaka ya 1950, alikuwa mmoja wa viongozi wao. Alianza na mikutano ya vyama, akaishia kuwa waziri mkuu. Prezida wetu hutukumbusha habari hiyo kila unapokaribia uchaguzi. Wafanyabiashara wa Kigiriki nao walikuwa na klabu yao. Hata V. S. Naipaul, katika riwaya yake A Bend in the River ya mwaka 1979, ambayo haitaji jina la mji lakini kila mtu wa Kisangani anajua ni wapi, aliiweka Hellenic Club ndani.

Babu yangu alikuwa mpishi katika mojawapo ya cercle hizo. Alikuwa akituambia kwamba watu wale hawakulipia chakula, maana chakula alikipika yeye na alijua kilivyo. Walilipia mlango. Mtu anatoa pesa ili mwingine abaki nje. Sisi tulimcheka babu, tukadhani ni uchungu wa wazee.

Ikafika tarehe 18 Machi 2020. Rais Tshisekedi akatokea kwenye televisheni na kufunga shule, makanisa, mikahawa na baa nchi nzima, na kukataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Siku chache baadaye ikaja hali ya dharura, Kinshasa ikatengwa na mikoa. Tukaketi kutafakari. Wakati ule ugonjwa ulikuwa Kinshasa. Kati ya kikohozi cha Kinshasa na kiti changu kuna mto wa kilomita 1,700 hivi, na anayezijua boti zetu anajua kwamba kirusi kingepanda huko kikiwa kijana, kingeshuka Kisangani na mvi. Mshauri mmoja akaongeza hoja ya kisheria: sisi hatufiki 20 hata mwisho wa mwezi. Haikusaidia. Nganda ni nganda. Mama akafunga, akaingiza viti ndani, na tukabaki tumesimama chini ya mwembe, kila mtu anamtazama mwenzake magoti.

Hapo ndipo Mweka Hazina alipokumbuka kwamba ana ua. Si ua wa matete. Ni ukuta wa matofali wenye lango la chuma, alioujenga mwaka ambao, kwa bahati tu, akiba ya chama ilipungua. Akatukaribisha. “Kwa muda,” alisema. Nimeishi katika nchi hii vya kutosha kujua maana ya kwa muda, lakini kiu ilikuwa kali.

Wiki ya kwanza tuliingia tu. Wiki ya pili likaja suala la kubisha hodi, kwa kuwa polisi nao walikuwa wakibisha hodi na ilibidi tutofautishe. Kisha ikaja ndoo yenye bomba pale langoni, na kando yake kipande cha sabuni, na kando ya sabuni mtoto wa Mweka Hazina, na mkononi mwa mtoto daftari la shule. Asiyenawa haingii. Asiye na cache-nez, yaani barakoa, haingii. Asiyelipa ada ya sabuni haingii. Na asiye na jina ndani ya daftari, huyo anaulizwa: “Papa, unamjua nani hapa?”

Nimekunywa bia na watu hawa tangu Mobutu yuko madarakani. Tulilala chini ya kitanda kimoja mwaka 2000, zile siku sita za Juni ambapo Rwanda na Uganda waliamua kumaliza ugomvi wao juu ya paa zetu. Leo mtoto niliyemnunulia maandazi ananiuliza namjua nani.

Ndani nako mambo yalibadilika. Sekretere alipima mita moja kati ya kiti na kiti kwa kamba ya nguo. Ambalo hawakulifikiria ni kwamba klabu inaishi kwa minong’ono. Chini ya mwembe, habari ya mke wa fulani ilikuwa ikipita sikio kwa sikio kwa adabu. Sasa ilibidi ipigiwe kelele, tena kupitia kitambaa. “Nasema, SHEMEJI YAKE!” Na mama jirani anajibu kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba si shemeji, ni mpangaji. Katika miezi ile mtaa mzima ulipata habari zilizothibitishwa, na ndoa zilizoyumba ni nyingi kuliko watu waliokohoa.

Kijana wa toleka hakuwahi kuingia. Alifika siku moja, akataja jina la Prezida, na Prezida akatazama juu akihesabu mawingu. Sababu iliyotolewa ni kwamba yeye hubeba watu wa kila namna. Mwaka mzima uliotangulia tulikuwa tukimsifu kwa sababu hiyohiyo, maana ndiye aliyetuletea habari za mji.

Kilichoniuma kuliko yote ni matanga. Mtu asiye na senti katika mji huu alikuwa na klabu moja isiyomdai kitu, nayo ni matanga: turubai, viti, ngoma, sahani ya lituma na samaki, na ruhusa ya kukesha ukijadili serikali. Lakini hotuba ile ya Machi ilikataza hayo pia. Maiti itoke chumba cha maiti iende moja kwa moja kaburini, na wasindikizaji wawe wachache. Mstaafu wetu wa reli akafariki katikati ya hali ya dharura, kwa uzee wake tu, bila kumsumbua daktari. Chama kikaambiwa kitoe watu wawili. Prezida akaitisha daftari. Wakachaguliwa waliolipa sabuni bila deni.

Mimi nilikuwa nimegoma kulipa kwa sababu za msingi. Nikasimama kando ya barabara, gari likapita, halikusimama njiani. Angalau hilo alilifanikisha mzee.

Nisije nikaonekana nawasema watu wangu tu. Julai 2020 huko Nairobi, seneta aliyeongoza kamati ya Seneti ya mambo ya corona alikamatwa baa saa za amri ya kutotoka nje, akakiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya shilingi 15,000. Agosti huko Ireland, chama cha gofu cha wabunge kilifanya karamu katika hoteli moja mjini Clifden, wageni zaidi ya 80, siku moja tu baada ya serikali yao kukaza masharti ya mikusanyiko. Waziri wa kilimo akajiuzulu, na kamishna wa Umoja wa Ulaya akafuata. Niliposoma habari ile nilimwonea wivu Mwairlandi. Kwao mtu akila nyuma ya mlango uliofungwa, anaacha kazi. Kwetu alipewa cheo: Mweka Hazina siku hizi anaitwa Prezida wa Heshima.

Tarehe 22 Julai 2020 baa zilifunguliwa tena. Mama wa nganda akatoa viti, akavifuta vumbi, akatusubiri. Niliwahi kufika kabla ya jua kushuka. Wenzangu hawakuja. Nikawafuata kule uani, nikanawa kwa hasira, nikawauliza kulikoni. “Kule kuna watu wengi,” akasema Sekretere, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya watoto kumi na wawili. “Hapa tumezoea utulivu.” Utulivu! Nyuma yake mama jirani alikuwa akitoa ufafanuzi kwa sauti.

Desemba ikaja amri ya kutotembea usiku, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na utulivu ukahamia mchana. Watu wazima, wenye kazi za serikali, walikuwa wakibisha hodi saa nane mchana kwa sababu za kiafya. Nasikia ofisi fulani ilijaza fomu zake zote hapo uani, na muhuri ulikaa karibu na ndoo.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya corona imekwisha. Nilikwenda na habari hiyo mkononi, nimeiandika kwenye karatasi. Ndoo yenyewe ilishapasuka bomba zamani, siku hizi wanapozea chupa humo. Sabuni sijaiona tangu chanjo ianze. Lakini ada ya sabuni bado inadaiwa, na ilipanda kwa sababu dola ilipanda. Mtoto wa daftari ameota ndevu, ameajiriwa rasmi.

Nikasema basi, narudi kwenye mwembe peke yangu. Nikakuta vijana, viti vipya, muziki, na kamba imezungushwa kuanzia mti hadi nguzo. Mmoja akasimama kwa heshima, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza, “Papa, wewe ni mgeni wa mwanachama gani?”

Kwa hiyo nilirudi uani nikaleta hoja rasmi kwenye mkutano mkuu: ada ya sabuni ifutwe, lango liachwe wazi, na kijana wa toleka aombwe radhi. Hoja ilipokelewa vizuri sana. Walipiga makofi. Wakaunda tume ya kuichunguza, wakaniteua mimi kuwa mwenyekiti wake, na wakaniambia kikao cha kwanza kitafanyika mara tu mwenyekiti atakapomaliza deni lake la sabuni.