Shukrani kwa Mahakama Iliyomtoa Muhammad Ali Mlango wa Uani

Kwa Waheshimiwa Majaji,
Mahakama ya Juu ya Marekani,
Washington.

YAH: SHUKRANI ZILIZOCHELEWA

Shikamooni, waheshimiwa. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wapenzi wa ngumi wa Dar es Salaam tunawashukuru kwa hukumu ya tarehe 28 Juni 1971, iliyomfutia Muhammad Ali hatia ya kukataa jeshi. Wenzenu walikuwa na pupa. Tume ya ngumi ya New York ilimnyang'anya leseni siku ileile alipogoma kuapishwa kule Houston, 28 Aprili 1967, kabla hata ya kesi. Jopo la raia likamtia hatiani kwa dakika 21; jaji akampa miaka mitano jela na faini ya dola 10,000.

Nyinyi mlitulia. Kwanza mlipiga kura: watano afungwe, watatu aachiwe. Jaji Harlan, aliyepewa kazi ya kuandika hukumu ya kumfunga, akasomeshwa vitabu na makarani wake, akageuka. Nne kwa nne. Sare hiyo ingempeleka Ali jela bila maelezo, na hapo ndipo Jaji Stewart alipoona jambo: kumbe bodi ya rufaa ya Kentucky ilipomkatalia ombi la kusamehewa jeshi kwa sababu ya dhamiri haikuandika sababu! Nane kwa sifuri. Kwamba vita ya Vietnam ni dhuluma, hamkugusa. Kwamba Ali ni mkweli katika imani yake, serikali yenyewe ilishakubali mbele yenu. Tena mwaka 1966 jaji mstaafu Grauman, aliyemsikiliza ana kwa ana, alishapendekeza aachwe. Wizara ya Sheria ikaishauri bodi isimfuate mzee.

Mwaka 2013 Stephen Frears akawatengenezea filamu. Hakuna aliyeigiza Ali. Yumo kwenye picha za zamani tu, nyinyi ndio mnaosumbuliwa na dhamiri. Kesi ya bondia, ulingo wa majaji.

Serikali yenu nayo haina kinyongo. Mtu iliyemnyima pasipoti, mwaka 1980 Rais Carter alimtuma hapa kwetu atushawishi tugomee Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Ali tulimpenda, aliyemtuma ndiye aliyetutatiza.

Tuna ombi moja. Juni 2018 Rais Trump alisema anafikiria kumsamehe Ali, ikabidi wakili wa marehemu aeleze kwamba hakuna hatia iliyobaki ya kusamehewa. Tafadhali pelekeni nakala ya hukumu yenu Ikulu. Si mbali na hapo mlipo.

Wenu katika ngumi,
Wapenzi wa Ali, Dar es Salaam