Taa Izimwe, Breki Zibaki Zilivyo?

Msyuuu! Hebu nisaidieni jamani. Mtu anajinunulia shangingi mnadani, Toyota VX ya mwaka 2001, analipiga rangi, analivalisha matairi mapya manne, kisha analileta kijiweni likiwa linalia "tiiii" mfululizo. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya breki inawaka. Pembeni yake ile ya njano ya ABS nayo inawaka. Na swali la mwenye gari ni moja tu: "Wakuu, nani hapa anamjua fundi mzuri wa kuzima taa?"

Kuzima taa! Breki zina nini, hakuuliza.

Kibaya zaidi, alijibiwa. Kijana wa bodaboda akasema yuko fundi umeme mitaa ya Gerezani, kazi ya dakika tano, anafungua dashibodi anachomoa kitaa. Mwingine akamcheka: kuchomoa ni mambo ya kizamani, siku hizi waya wa taa ya ABS unaungwa na wa taa ya oili. Ukifungua swichi zinawaka zote, ukiwasha injini zinazimika zote, mnunuzi anatoa hela huku anatabasamu. Yaani kuna watu wamesomea kudanganya dashibodi, na wana wateja wa kudumu.

Basi wewe unayetafuta foo-wili ya zamani, achana na kupiga matairi teke. Kaa kwenye kiti, fungua swichi, injini usiwashe. Taa ya ABS lazima iwake, na kwenye Toyota hizi inatakiwa izimike yenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado imelala. Isipowaka kabisa, kuna mkono umeshapita pale. Ikiwaka na kung'ang'ania mpaka injini ishike, ikazimika sambamba na ya oili, ujue zimeungwa. Kisha vuta hendibreki: nyekundu lazima ije. Isipokuja, shuka, mrudishie mwenye gari ufunguo wake, mwambie asante.

Tuna mzee wetu pale kijiweni, kaendesha mashangingi ya wizara mpaka anastaafu. Akakohoa, akaanza: "Wahenga walisema, mficha maradhi..." Tukamkata. Mzee, methali baadaye, twende kwenye gari. Akanuna kidogo, lakini alipofika kwenye gari akanyoosha mambo.

Njano na nyekundu, anasema, hazikuambii kitu kimoja. Njano peke yake maana yake breki za kawaida zipo, kilichokufa ni ule ujanja wa kuzuia magurudumu yasifunge. Utasimama, ila ukikanyaga kwa hofu kwenye lami yenye mvua, gari litateleza likielekea linakotaka lenyewe. Nyekundu ni habari nyingine. Nyekundu ikiwaka unaegesha kwanza, ndipo unauliza maswali. Pengine ni hendibreki haijashuka sawasawa, ushukuru Mungu uendelee na safari. Pengine ni mafuta ya breki yameshuka kwenye kopo, na hapa ndipo watu wanaponiudhi mimi binafsi. Dereva anaona mafuta yamepungua, anaongeza, taa inazimika, anapiga mluzi. Wewe, mafuta ya breki hayaunguzwi na injini! Yamekwenda wapi? Ama pedi zimelika, pistoni za kalipa zikatoka nje zaidi na mafuta yakazifuata, ama yanavuja. Pitisha mkono nyuma ya kila gurudumu, upande wa ndani. Tairi likiwa limelowa pale, silinda ndogo ya kwenye drami imeshachoka. Pakiwa pakavu kote, tazama masta inapoungana na busta, maana huko huvujia ndani kimyakimya, nje huoni hata tone.

Wenye Hilux za dizeli, zile za injini ya 3L na 5L, wana lao. Taa ya betri na nyekundu ya breki zikiwaka kwa mpigo, dereva anadhani gari limerogwa. Halijarogwa. Tazama altaneta. Kwenye injini hizo pampu ya vakyumu, ile inayoipa busta nguvu, imekaa mgongoni mwa altaneta. Mkanda ukikatika, chaji imekwenda na vakyumu imekwenda, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu unahisi unasukuma ukuta. Breki hazijakufa, lakini sasa zinataka mguu wa mtu mzima, tena kwa hasira.

Busta ya vakyumu unaipima bure, hata hapa nje ya banda la kahawa. Zima injini, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa palepale juu, washa injini. Pedeli ikizama kidogo, busta iko hai. Isipozama, anza na mpira unaoleta vakyumu na valvu yake kabla hujanunua busta ya watu. Sasa endelea kushikilia mguu kwa nguvu ileile: pedeli ikishuka polepole kuelekea sakafuni na hakuna panapovuja, sili za ndani ya masta zimekwisha. Ikiwa laini, inabonyea bonyea, kuna upepo ndani. Ukikanyaga mara ya kwanza ikaenda chini na mara ya pili ikasimama juu, shuu za nyuma zinataka kurekebishwa au beringi ya gurudumu ina mchezo. Mambo hayo yote ni mguu wako na dakika tatu. Hapo hakuna mashine wala kompyuta, wala fundi wa kukwambia "leta laki tatu tuanze kubahatisha".

Na nyie mnaonyanyua gari kwa springi ndefu ili mwonekane barabarani, Hilux nyingi za zamani zina valvu nyuma yenye kijiti kinachoshika ekseli. Kijiti hicho ndicho kinachopima mzigo. Ukinyanyua bodi bila kukirekebisha, valvu inaamini gari ni tupu kila siku, breki za nyuma inazipa kiduchu tu. Halafu unalalamika pedi za mbele zinaisha upesi. Msyuuu.

Turudi kwa bwana shangingi, maana alikuwa ameshaanza kutazama saa. Akasema gereji moja walimwambia busta imekufa, wakabadilisha pedi na shuu, wakatoa upepo, wakachukua hela, mlio ukabaki. Mzee akauliza: walikuonyesha busta yenyewe? Akafungua boneti. Yule bwana akatafuta lile duara kubwa jeusi la vakyumu alilozoea kwenye Corolla yake. Halipo.

Halipo kwa sababu VX hizi za mfululizo wa 100 zenye ABS hazitumii vakyumu. Zina pampu ya umeme pale pale kwenye masta, inasukuma mafuta ya breki kwa presha kubwa na kuyaweka kwenye akiba yenye gesi ya naitrojeni. Ukikanyaga, presha hiyo ndiyo inayokusaidia. Ile ngurumo fupi unayoisikia ukifungua swichi asubuhi ni pampu inajaza akiba. Presha ikishuka chini ya kiwango, nyekundu inawaka, ABS inawaka, na kilio kinaanza. Kile kilio unachotaka kukatiwa waya, ndugu yangu, kinasema akiba inakwisha. Ikiisha, breki za nyuma hazina kitu, za mbele unabaki nazo kwa nguvu ya mguu wako peke yake, na gari lina uzito wa karibu tani mbili na nusu kabla hujapakia mchele wa mama mkwe.

Tukaipima. Swichi imezimwa, mwenyewe akakanyaga pedeli zaidi ya mara 40 ili kumaliza presha yote, jasho linamtoka, sisi tunamhesabia kwa sauti na watoto wa jirani wakaitikia. Hapo mafuta kwenye kopo yakapanda, kama inavyotakiwa, maana yaliyokuwa kwenye akiba yamerudi nyumbani. (Ndiyo maana mafuta ya gari hili hukaguliwa presha ikiwa imemalizwa. Yule anayejaza hadi MAX wakati akiba imejaa, presha ikitoka mafuta yanafurika, na mafuta ya breki yanakula rangi. Tazama chini ya masta ya shangingi lolote lililopita mikono mingi, utaona pamebabuka.) Kisha fungua swichi, sikiliza. Pampu nzima inajaza na kunyamaza ndani ya nusu dakika hivi. Hii ikaanza kunguruma, ikanguruma, kijana wa bodaboda ameshika simu anahesabu. Dakika ikapita. Mzee akamwambia azime kabla hajaiunguza mota.

Fundi umeme mmoja, siyo yule wa Gerezani, akatia neno kwamba hata njano ina lugha yake. Kwenye Toyota za umri huu unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi iliyo chini ya usukani kwa kipande cha waya, unafungua swichi, unahesabu mapepeso ya taa ya ABS. Tatu, pumziko, moja: 31, sensa ya gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, haina kosa lililohifadhiwa. Na ukipata 31 usikimbilie kununua sensa, vua gurudumu kwanza. Ncha ya sensa ina sumaku, inakusanya unga wa chuma na tope, au waya wake umekatika ndani ya ganda tangu siku ile ulipobadilishiwa beringi na fundi akaivuta kwa koleo.

Bwana shangingi akasema sawa, nimeelewa, ila Ijumaa nina safari ya Iringa, pampu nitashughulikia nikirudi. Kijiwe kizima kilisonya kwa pamoja. Kupanda mlima wa Kitonga utapanda. Kushuka je, siku ya kurudi? Pale hata gari lenye breki nzima linashushwa kwa gia, siyo kwa mguu, kwa sababu mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, pedeli inakwenda sakafuni. Yake alisema hajui yalibadilishwa lini. Mzee akachungulia kopo: rangi ya chai ya rangi iliyolala.

Safari imehamia kwenye basi. Pampu anatafuta ya mtumba, mpya imemshinda bei. Mzee kamwekea masharti: asinunue iliyofungwa kwenye nailoni akaambiwa "hii imetoka Japani, haina shida". Kwanza wailishe umeme wa betri sekunde mbili aone mota inazunguka, kisha wafungue aone kaboni zimebaki urefu gani, maana nyingi zinafia hapo. Akishafunga, arudie kukanyaga zile 40 na kuhesabu muda. Mwenye duka akigoma kufungua, atoke. Gerezani maduka yamepangana.