Boga Ndani ya Chupa, Mama Mkwe Ndani ya Nyumba

Msomaji mwenzangu mwenye mke, watoto na mashemeji, pokea salamu za mhanga mwenzio. Wewe ambaye bado hujaoa, soma kimyakimya ujue kinachokungoja. Leo nina kisa cha chupa moja ya bia, nawe utajionea jinsi mwanamume mzima, anayelipa kodi ya nyumba hapa Lowell, Massachusetts, anavyoweza kunyimwa kinywaji chake mezani pake.

Kwanza ujue kwamba Oktoba ikifika huku Marekani, watu hupandwa na wazimu wa maboga. Boga kwenye kahawa, boga kwenye keki, boga kwenye mshumaa. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya Topsfield, si mbali sana na kwetu, lilipimwa boga la ratili 2,009, yaani zaidi ya kilo 900, la kwanza duniani kuvuka ratili 2,000. Mama mkwe wangu alipoonyeshwa picha ya boga hilo aliuliza maswali mawili tu: lililiwa na nani, na majani yake yalienda wapi? Alipoambiwa kwamba huku majani ya maboga hayaliwi, alinyamaza. Jioni ile tulikula bila mtu kufungua redio.

Mama mkwe huyu katoka Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kaja kusalimia wajukuu. Akiwa mbali tunamwita CAG, kama yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwa sababu ya ukaguzi. Hakuna sufuria ambayo hajafunua kifuniko chake, wala risiti ambayo hajaisoma. Mwanangu wa kiume, Elia, anamwita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyotaniana na wajukuu. Basi mimi nikaona nimwite Baba Mkwe, na kweli jina limemkaa: hafanyi kazi yoyote, anapakuliwa wa kwanza, na kila anachokiona anakipeleka kwa mkewe.

Halafu yupo Shemeji Najua, mdogo wake mke wangu, ambaye amefikia kwetu "kwa muda" na anaishi chumba cha chini. Hakuna jambo asilolijua isipokuwa tarehe ya kuhama. Ni yeye aliyeniletea habari za bia ya maboga, aina ya porta, iliyolazwa ndani ya mapipa ya mwaloni. Nikaenda kuinunua. Bei sitaiandika hapa, maana mke wangu, Mama Neema, anasoma safu hii.

Shemeji akanisomesha. Walowezi wa kwanza wa pande hizi, karne ya 17, walikuwa na kiu ya bia lakini kimea cha shayiri kilikuwa haba, cha kuagiza Uingereza kwa meli. Maboga yalikuwa tele, wakayapika na kuyachachusha. Baadaye shayiri ikapatikana na boga likasahauliwa, hadi miaka ya 1980, Bill Owens, mpiga picha aliyegeuka mgema wa bia pale Hayward, California, alipoamua kulifufua. Boga likachachuka vizuri, ila ladha yake ikapotea yote. Dawa aliyoiona ni kutia viungo vinavyotiwa kwenye pai ya maboga: mdalasini, kungumanga, karafuu, tangawizi. Kwa hiyo mtu anayesema anasikia ladha ya boga kwenye bia, mara nyingi anasikia duka la viungo la Darajani, Zanzibar.

Na porta? Hiyo ni bia nyeusi ya London, ya karne ya 18, iliyopendwa na wapagazi wa mjini na kulazwa kwenye matangi makubwa ya mbao. Tarehe 17 Oktoba 1814 tangi moja lilipasuka katika kiwanda cha Meux, bia ikafurika mtaani, kuta zikaanguka na watu 8 wakafa. Mapipa ya mwaloni nayo yana sheria yake. Wiski ya bourbon lazima ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Kwa kuwa pipa lililokwisha kutumika haliwezi kulaza bourbon nyingine, wengi huwauzia wagema wa bia, na mti huo ndio unaotoa harufu ya vanila.

"Ila Shemeji," akaniambia, "bia ya namna hii hainywewi ya baridi kali. Itoe kwenye friji mapema, ifike nyuzi 12 hivi, ndipo inukie."

Ushauri wa kitaalamu huo. Jumamosi nikaitoa, nikaiweka mezani ipumue, nikaandaa na glasi yenye mguu. Kabla sijakaa, Mama Neema akachungulia: "Baba Neema, majani ya uani utayakusanya leo au tungoje theluji iyafunike?"

Nikachukua reki. Huku majani ya vuli yanakusanywa kwenye mifuko ya karatasi na kuwekwa barabarani yachukuliwe na gari la manispaa. Siku ya kwanza kuona hivyo CAG alishika kiuno: mbolea yote hiyo, na kihamba, shamba la nyumbani kwao, hakina hata jani moja chini ya migomba! Tangu hapo kila nikishika reki naona aibu mbele ya migomba ya Kilema.

Niliporudi ndani glasi ilikuwa palepale, safi, kavu. Chupa haikuwepo.

Jikoni boga lilikuwa linachemka kwa nazi ya kopo. Nilipoangalia vizuri nikaona kipande chenye meno. Lilikuwa boga la mwanangu Neema, alilolichonga macho na mdomo kwa ajili ya Halloween na kuliweka mlangoni. CAG alikuwa amelikuta nje, akaamua kwamba chakula hakitupwi kibarazani. Kwenye meza palikuwa na sufuria ya uji wa kimea cha ulezi uliopoa, ule unga aliokuja nao mwenyewe kutoka nyumbani, na ndani yake kitu cheusi kilikuwa kinakorogwa kwa mwiko. Povu la rangi ya kahawa ya maziwa lilikuwa linapanda hadi ukingoni.

"Baba Neema, karibu," akasema bila kugeuka. "Mume wangu kaniambia kuna pombe umeisahau mezani. Nimeionja, ilikuwa haijatiwa ulezi. Naitengeneza."

Ungejibu nini, msomaji? Mimi nilisema, "Asante, Mama."

Shemeji Najua, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, alifanya jambo la maana: alikuwa ameficha chupa nyuma ya mkate, na chini mlikuwa na vidole viwili vya bia. Nikavimimina. Nyeusi, lakini ukiinua kwenye taa pembeni panaonekana wekundu. Harufu ya kwanza ni karafuu, kisha vanila, kisha mbao. Mdomoni inaanza na utamu wa sukari guru iliyoungua kidogo, mdalasini unapita, halafu mwaloni unakausha ulimi. Kilevi chake, asilimia 9, hukisikii mpaka kimeshafika kifuani. Boga? Sikulipata.

CAG akaomba maelezo. Nikamweleza viungo. "Kumbe ni pilau," akasema. Nikamweleza pipa. Hapo akatikisa kichwa kwa heshima kidogo. Kwao mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hupata uchungu kutoka kwenye gome la msesewa, kwa hiyo pombe kuonja mti si jambo geni kwake. Kilichomshangaza ni subira ya watu wanaoweza kuifungia ndani ya mti kwa miezi bila jirani kupiga hodi.

Kisha akagawa. Akaonja kwanza yeye, kama desturi inavyotaka, tujue haina neno. Akafuata Mama Neema, aliyesema anaonja tu na akaonja kikombe kizima. Shemeji akafuata. Mimi nikapewa mwisho, kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya dinosauri, kwa kuwa kata ya kibuyu hatuna. Watoto walipewa boga. Neema aligoma, akasema hawezi kumla mtu aliyemchonga mwenyewe. Baba Mkwe aliomba aongezewe shavu. Boga lenyewe lilikuwa la majimaji, maana maboga ya kuchonga hayakukuzwa kwa ajili ya sufuria, na mkaguzi aliliandikia hoja papo hapo.

Na ule mchanganyiko? Nasema huku nimeumia: ulikuwa mzuri kuliko bia yangu. Ulezi uliupoza ule ukali wa viungo, ukaupa uzito.

Basi ukitaka kuonja bia ya namna hii kwa utulivu, nunua chupa mbili, moja uiache kwa jirani asiye na ukoo na mkeo. Na kama mama mkwe wako ametoka Kilimanjaro, usijisumbue na mapipa ya mwaloni. Nunua ulezi, ungoje uitwe.