Shujaa Asiyekufa na Petroli Inayokwisha

Filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, pamoja na ndugu zake za vyombo vya angani, hutengenezwa kwa fedha nyingi kuliko sinema za aina nyingine, na hulalamikiwa kwa sauti kubwa vilevile. Malalamiko hayo si mali ya wakosoaji wa New York na London peke yao. Yapo pia Kurui, kata ya Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, katika nchi ya Wazaramo, kwenye mihogo na mikorosho, ingawa huko yana tabia zake. Mtazamaji wa mjini huvunjwa moyo na filamu aliyoiona. Mtazamaji wa banda la video huvunjwa moyo na filamu ambayo hakuiona vizuri, hakuisikia, hakuimaliza, na ambayo sehemu zake ishirini na moja za mwanzo hazikupata kumfikia.

Safari ya filamu hadi bandani ni ndefu. Nakala za mwanzo hurekodiwa kwa kamera ya kificho ndani ya jumba la sinema la nchi ya mbali, na huja na wageni wake: kichwa cha mtu wa mbele, kikohozi cha mtu wa nyuma, na kivuli cha bwana mmoja anayeinuka kwenda msalani wakati dunia inakaribia kuangamia. Watazamaji makini huweza kubishana kama bwana huyo yuko upande wa stelingi au wa adui. Enzi za diski, kasha moja lilibeba filamu ishirini, na juu yake Van Damme na Schwarzenegger walisimama bega kwa bega kutangaza kazi ambayo hakuna kati yao aliyeicheza. Siku hizi filamu husafiri kwa flashi, ndani ya mfuko wa suruali ya mwendesha bodaboda, pamoja na funguo na sarafu. Jina la faili si ahadi. Faili lenye jina la vita vya sayari huweza kufunguka likawa mahubiri ya saa mbili, na kwa kuwa kiingilio kimeshalipwa, wapo wanaoyasikiliza hadi mwisho.

Mwenye nafasi huenda Dar es Salaam, ambako kumbi kubwa zipo, kama ule wa Mlimani City, ila nauli ya kwenda na kurudi humfanya aitazame filamu kwa ukali wa hakimu. Jiji hilo liliwahi kuwa na sinema ya wazi ya magari, iliyofunguliwa Msasani mwaka 1966. Kiwanja chake sasa kina ubalozi wa Marekani. Wamarekani, kwa maneno mengine, walifuata filamu zao hadi zilipokuwa zikionyeshwa.

Tatizo la kwanza la kitaalamu ni giza. Waongozaji wa filamu hizi wanaamini kwamba jambo zito haliwezi kutendeka mchana. The Batman ya mwaka 2022 inakaribia saa tatu, na sehemu kubwa ya saa hizo ni usiku wenye mvua. Bandani inaonyeshwa saa nane mchana, chini ya bati lililokwishafanyiwa kazi na misumari ya mafundi watatu tofauti. Mwanga unaopenya kwenye matundu hutua juu ya kioo cha runinga, na Gotham, mji usiojua jua, hujaa nyota. Penye giza zaidi kioo hurudisha sura za waliokaa mbele yake, hivyo watu waliolipa wamwone Batman hujiona wenyewe wakitokwa jasho. Mvua ya kweli ikianza kupiga bati, ya kwenye filamu haisikiki tena, wala mazungumzo hayasikiki. Kwa upande wa sauti, hata hivyo, haki ilipatikana mwaka 2020 ilipotoka Tenet ya Christopher Nolan. Muziki wake uliyameza maneno kiasi kwamba Waingereza wenyewe walilalamika kuwa hawakuelewa kinachosemwa. London ikawa imekaa benchi moja na Kurui.

Urefu ni shida nyingine, na bandani hupimwa kwa petroli. Commando ya mwaka 1985, ambayo Afrika Mashariki yote inaijua kama Komando, ina dakika 90. Ndani ya muda huo mtu mmoja, asiye na ndugu wa sayari nyingine wala mashine ya kurudisha wakati, anaibiwa binti yake, anatafuta silaha, anavamia kisiwa na kumrudisha mtoto. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ina dakika 181. Jenereta iliyojazwa mafuta ya Komando huzimika mashujaa wakiwa wametawanyika katika nyakati zilizopita, wakitafuta mawe ya thamani. Kwa baadhi ya watazamaji bado wako huko mpaka leo, na hakuna aliyetumwa kuwafuata.

Hata petroli ingetosha, Endgame ni filamu ya ishirini na mbili katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008. Aliyeona ya tatu na nusu ya tisa huketi kama mkwe aliyefika msibani bila kuambiwa aliyefariki ni nani. Isitoshe, watengenezaji wana mazoea ya kuficha kipande cha hadithi baada ya orodha ya majina ya waliohusika. Mjini watu hukaa kwenye viti wakisubiri majina ya mamia ya watu wasiowajua. Bandani, jina la kwanza likianza kupanda tu, mwenye banda huzima jenereta, na kiungo cha filamu inayofuata kinabaki ndani ya flashi. Mwaka 2018 Avengers: Infinity War ilimalizika kwa adui kualisha vidole na nusu ya viumbe wote kugeuka vumbi, stelingi wakiwemo, kisha basi. Mtu aliyekulia kwenye diski zilizochubuka ana haki ya kudhani ni ubovu wa nakala, na dawa inayojulikana ya ubovu huo ni kuipiga runinga kofi ubavuni. Endgame inatajwa kugharimu zaidi ya dola milioni 350, yaani zaidi ya shilingi bilioni 800 kwa bei ya dola ya mwaka ule. Kwa fedha hizo mlipa kiingilio hategemei kuambiwa aje mwaka ujao.

Lakini giza na petroli ni mambo ya vifaa. Kasoro kubwa iko kwenye nguvu zenyewe. Watu wa Pwani hawashangazwi na mtu asiyepenywa na silaha. Wanachouliza ni mwiko wake. Vita vya Maji Maji vilifika hadi Uzaramo, na kilichotokea baada ya ahadi ya mwaka 1905 kwamba risasi zingegeuka maji hakijasahaulika. Tangu hapo kifua cha chuma hakipokelewi bila maswali. Superman, aliyechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, anaeleweka upesi kwa sababu lipo jiwe la kijani linalomlegeza. Wenzake wengi hawana hata hilo. Wanarushwa juu ya maghorofa, maghorofa yanaanguka, wao wanajipangusa vumbi na kutania.

Kipimo cha shujaa katika ukanda huu ni Fumo Liyongo, aliyeandikiwa utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo alikuwa jitu, mpiga upinde na mshairi, na alitoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Sultani wa Pate alimrubuni mwanawe Liyongo kwa ahadi ya kuozwa binti yake, na kijana akamchoma baba akiwa usingizini. Liyongo aliinuka, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde na kufa katika mkao huo. Watu wa mji walikaa siku kadhaa na kiu, wakiogopa kumsogelea maiti. Hadithi nzima, kwa upande wa vifaa, imegharimu sindano moja na mkate.

Na Liyongo hakurudi. Superman aliuawa katika Batman v Superman ya mwaka 2016, watu wakalia, kaburi likachimbwa, na mwaka uliofuata akafufuliwa katika Justice League. Alirudi na mdomo wa juu wenye kasoro, kwa sababu mwigizaji alikuwa amefuga masharubu ya filamu nyingine na hakuruhusiwa kuyanyoa, hivyo yakafutwa kwa kompyuta. Kazi ambayo kinyozi yeyote wa Kisarawe angeimaliza kwa jero ikaacha uso ambao watazamaji wa dunia nzima waliucheka.

Filamu hiyo ya 2016 ina jambo jingine lisilovuka bahari. Batman anakaribia kumuua Superman, kisha anasikia kuwa mama wa mwenzake anaitwa Martha, kama mama yake, na ugomvi unakwisha hapo hapo. Katika kijiji chochote cha Uzaramo, ambako akina mama ni Mwajuma, Asha na Mwanahawa nyumba kwa nyumba, kanuni hii ingefuta ugomvi wote wa mipaka ya mashamba na kuliacha baraza la ardhi la kata bila kazi.

Wapo waliowahi kuzitibu filamu za namna hii. Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, alijenga jina Tanzania kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje: alifafanua, aliongeza, alitania na kumwonya stelingi asigeuke nyuma. Mtafsiri hodari huziba pengo lolote la hadithi, likiwemo lile aliloliacha mwandishi kwa makusudi. Waganda wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano inayosemekana kugharimu dola zisizozidi 200, na nakala inayojulikana ina mtafsiri anayeshangilia juu ya kila risasi. Aliyemuua Kapteni Alex hajulikani mpaka mwisho. Hakuna anayedai chake, pengine kwa sababu mtafsiri mwenyewe anaonekana kufurahi kuliko watazamaji.

Kuhusu Afrika ndani ya filamu hizi, Black Panther ya mwaka 2018 ilipokelewa vizuri, na Kisumu ilipata onyesho lake la uzinduzi kwa heshima ya Lupita Nyong'o. Ramani za filamu huiweka Wakanda Afrika Mashariki, ila wananchi wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini, na picha nyingi zilipigwa Atlanta. Mtazamaji wa Pwani husubiri japo salamu moja aielewe. Wakikuyu walitendewa vyema zaidi: katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani mwenye mashavu yaliyoning'inia anaongea Kikuyu, kwa sauti ya Mkenya Kipsang Rotich aliyekuwa mwanafunzi Marekani. Kiswahili nacho kilifika angani mapema, mwaka 1966, katika tamthilia ya Star Trek. Aliyemwanza Luteni Uhura kwa Kiswahili alikuwa zimwi linalofyonza chumvi mwilini mwa watu, limejigeuza kijana mtanashati. Kwa mtu aliyelelewa Pwani, hilo ndilo tukio la kuaminika kuliko yote katika historia ya filamu za sayansi.

Kuhusu kurudishiwa kiingilio, desturi ya mabandani iko wazi. Mafuta yakiisha kabla stelingi hajalipiza kisasi, mtazamaji huingia bure kesho yake, akikumbukwa sura. Faili likigoma, mwenye banda huweka filamu nyingine na hajadiliani na mtu. Filamu ikiisha salama lakini ikawa mbovu, hakuna kinachorudi, kwani mwenye banda hakuiandika na walioiandika wako Marekani. Watoto wanaochungulia kwenye nyufa za ukuta hawana dai lolote kisheria, ingawa ndio hulalamika kuliko wote.