Mwongozo kwa Mwenye Trekta Linalokunywa Maji

Kwanza, weka dumu chini. Kama kila asubuhi unaijaza rejeta ya Massey Ferguson 135 na jioni imepungua tena, hayo si matunzo, ni kunywesha. Trekta hilo lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na injini yake ya Perkins ya silinda 3 haikuundwa kula maji. Maji yakipungua yamepita mahali, na njia zenyewe ni chache: yamemwagika nje, yameingia kwenye oili, au yameingia silinda na kutoka na moshi. Ijue njia kabla fundi hajagusa spana. Fundi aliyeitwa bila maelezo mara nyingi hukimbilia silinda hedi, na hedi ikishafunguliwa gasketi utanunua tu, hata kama ya zamani ilikuwa nzima.

Dereva atasema, "Inavuja kidogo tu, bosi." Muulize kidogo ni lita ngapi. Asipojua, weka alama kwenye dumu.

Pili, rudisha pilipili manga jikoni. Ni ya pilau. Ukiimwaga kwenye rejeta pamoja na yai bichi na unga, tundu litaziba kweli, lakini vijibomba vya rejeta navyo vitaziba, na trekta litachemsha katikati ya shamba, msimu wa kulima ukiwa umeanza.

Sasa uanze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: kifuniko cha rejeta. Kifungue injini ikiwa baridi kabisa, maana mvuke wa rejeta huunguza uso. Tazama mpira wa ndani na springi. Kama pale pana mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kipande cha tyubu, huenda uchunguzi umekwisha. Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94. Kifuniko kizima cha pauni 7 kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango hicho hadi karibu 107. Bila kifuniko, maji hutoka yenyewe yakichemka, na hakuna gasketi itakayoyazuia.

Kikiwa kizima, pangusa injini ikauke, tandika boksi lililokunjuliwa chini yake, ulale. Mipira mingine huvuja ikipoa tu, klipu zikilegea; mchana tone hukauka juu ya bloku ya moto kabla halijafika chini. Asubuhi fuata michirizi ya kutu. Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo ambalo watu hupenda kuliziba kwa gundi ya chuma. Jamani, acheni! Liliwekwa makusudi, lionyeshe kwamba sili ya pampu imechoka. Ukiliziba, maji huingia kwenye beringi, beringi hufa, na feni huenda kuikata rejeta. Badala ya pampu moja, utanunua pampu na rejeta.

Nje kukiwa kukavu, ingia ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeshajieleza. Ikiwa safi bado usiiamini: trekta likilala usiku kucha, legeza nati ya kumwagia oili taratibu, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kudondoka. Kisha ondoa mkanda wa feni, jaza rejeta hadi shingoni, uwashe injini baridi kwa dakika moja. Mapovu yakipanda mfululizo, moshi wa silinda umepata njia ya kuingia kwenye maji. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto unasema habari hiyohiyo.

Na asubuhi stata ikigoma kuzungusha injini wakati betri ni nzima, usilazimishe wala usisukume trekta. Maji yaliyojaa silinda hayashindiliki. Kitakachopinda ni konirodi. Toa nozeli, zungusha injini kwa mkono, maji yatoke.

Hapo mpigie fundi, umweleze ulichoona kwa mpangilio huo. Hedi ikishushwa, dai ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma mbele ya macho yako, kabla gasketi mpya haijatolewa kwenye pakiti.