Shangazi Kenchi Anajibu: Paa Langu Linanililia

Shangazi Kenchi, shikamoo. Nimejenga hapa Kibaoni. Fundi alinishauri sebuleni nichanganye na bati moja la faiba, lile linalopitisha mwanga, nisiwashe taa mchana. Masika yameingia na linavuja kwenye kila msumari. Nimetega ndoo tatu, sufuria mbili na karai la zege. Mgeni akiingia anauliza bei ya vyombo. – Nimelowa, Kibaoni

Marahaba, mwanangu. Je, fundi alitoboa tundu kwanza, au alishika nyundo akapigilia tu kama bati la chuma? Usijibu, najua. Weka ngazi asubuhi uchungulie: kila penye msumari utaona nyufa nyembamba zimetawanyika kama miguu ya buibui. Faiba haitaki nyundo. Inataka tundu la drili, tena pana kuliko skrubu yenyewe, maana kwenye joto bati hilo hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Jua letu la saa nane unalijua. Bati linajinyoosha weee, mara wingu linashuka kutoka Udzungwa, mvua inamwagika, linajikunja upya. Ukilibana shingo kwa msumari, lipasukie wapi kama si hapo hapo?

Ng'oa misumari yote. Weka skrubu zenye mpira mpana, kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanakopita. Na usikaze mpaka mpira utoe macho.

Nyufa zizibe kwa faiba yenyewe. Piga msasa mpaka ule mng'ao uishe, futa vumbi, paka rezini, laza kitambaa cha nyuzi, paka tena huku ukisukuma hewa itoke. Hapa ndipo wengi wanapoaibika. Wanachanganya rezini yote na kigumishi chake saa saba mchana, wanapanda ngazi kwa madaha. Wakifika juu kikopo kinafuka moshi na brashi imesimama humo kama nguzo ya umeme. Joto huharakisha kuganda. Changanya kidogo kidogo, asubuhi, umande ukishakauka, kwa kuwa penye unyevu kiraka hakishiki. Vaa glavu na miwani; kigumishi kikikurukia jichoni hakina msamaha. Na lami usinitajie. Nimeona paa moja huku lililopakwa lami masika matatu mfululizo, sasa sebule ina giza kuliko ghala la mpunga, na bado inavuja.

Shangazi, fundi wangu amekanyaga bati la faiba akatumbukia mpaka mapajani. Amechubuka tu, Mungu mkubwa. Nani alipe bati? – Mwenye Tundu, Mang'ula

Bati ulilinunua lipitishe mwanga, si fundi. Mpe pole kwanza. Faiba haikanyagwi hata na mtu mwembamba: unatandika ubao mrefu unaokaa juu ya papi kadhaa, unatembea juu ya ubao. Gharama gawaneni nusu kwa nusu, yeye kwa kutojua, wewe kwa kusimama chini ukimwambia "songa kidogo kulia".

Shikamoo Shangazi. Kati ya ukuta na paa niliacha mwanya upepo upite. Mke wangu ananuna, anataka nizibe kwa tofali kwa sababu ya mbu. Nikiziba tutaiva kama wali. Nani mwenye haki? – Mume Mnyonge, Lipangalala

Marahaba. Mkeo, kwa sehemu kubwa. Waswisi walifungua maabara hapa Ifakara mwaka 1957, ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake wamekesha miaka na miaka wakihesabu mbu kwenye nyumba kama yako. Mwanya huo ndio mlango mkubwa wa mbu wa malaria. Wewe unafunga kufuli mbili mlangoni, halafu wao umewaachia baraza nzima wazi.

Lakini joto lako nalo silibezi. Tofali acha. Pigilia wavu wa mbu, ule wa madirishani, kuzunguka nyumba yote, upepo upite. Mafundi hupenda kuruka pale mawimbi ya bati yanapogusa ukuta. Simama naye, wavu ukatwe ufuate mawimbi. Na ukishawishika kununua ule wa banda la kuku kwa kuwa ni bei nafuu, basi rudi ukanune na mkeo, maana mbu atapita humo na mizigo yake.